Kitabu cha majira manne kwa mtoto wa Moshi: nimsomee au nikifiche?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Rau hapa Moshi, nalifupisha. Mdogo wake anaishi Ujerumani, alivyokuja likizo akamletea binti wa miaka miwili na miezi minne kitabu cha picha, vile vya kurasa ngumu kama boksi, kinaonyesha mti mmoja mkubwa mbele ya nyumba katika majira manne ya kule Ulaya. Mti una maua, mti una majani mabichi, majani yamekuwa ya njano yanaanguka, alafu theluji kila mahali. Mtoto amekipenda mno, analala nacho, na kila wakifika kwenye theluji anaweka kidole anasema "unga!" Mama mkwe, bibi yake mtoto anayekaa Kibosho, amekiangalia akasema mnamfundisha mtoto mambo ya wazungu wakati masika yenyewe haijui. Sasa huyu mama anauliza amrekebishe vipi kwenye huo unga, yale majira ayaite nini kwa Kiswahili maana yeye shuleni alifundishwa kwamba wakati wa maua ni masika na wakati wa majani kuanguka ni vuli, au akifiche tu mpaka mtoto afike miaka mitano, na hapo hapo ukurasa wa theluji umeshaanza kuachia kwenye mshono kwa kufunguliwa sana.

Dada yangu, usikifiche. Mi nimekaa na watoto wa chekechea hapa Moshi zaidi ya miaka 20 na saivi nafundisha walimu wa awali, na kitu ambacho natamani kila mzazi akijue kuhusu vitabu vya aina hii ni kwamba mtoto wa miaka miwili hasomi majira, anasoma mti. Kichwani mwake hakuna mwaka bado. Ataupata wapi mwaka mtu ambaye ameona masika mara mbili tu na mara ya kwanza alikuwa mgongoni amefunikwa kanga. Kwake jana ni chochote kilichopita, uji wa asubuhi ni jana na Krismasi ni jana. Lakini mti anaujua. Anaona mti ule ule, mlango ule ule, njia ile ile, na kila ukifungua ukurasa kuna kitu kimebadilika ila mti haujaondoka, na ukirudi mwanzo maua yamerudi. Kwa mtu wa umri huo hilo ni jambo kubwa kweli kweli, maana siku nzima anahangaika na vitu vinavyoondoka na kurudi, mama kaenda kazini atarudi, jua limezama litarudi, bibi kapanda Hiace kaenda Kibosho atarudi. Ndo maana analala nacho.

Sasa tuje kwenye unga, na hapa nataka nikae kidogo kwasababu swali lako limenigusa hapo.

Usimwambie "hapana, sio unga". Angalia alichofanya huyu mtoto. Ameona kitu ambacho hajawahi kukigusa, kimelala chini, cheupe, kimeenea, akaenda kwenye vitu vyote anavyovijua akachagua kinachofanana kuliko vyote, akaleta neno. Hiyo ni akili inafanya kazi vizuri kabisa. Na hapo anajua pia kwamba picha ni picha, kitu ambacho hakuzaliwa nacho. Kuna utafiti uliotoka 1998, Judy DeLoache na wenzake, waliwapa watoto wa miezi 9 vitabu vyenye picha za vitu halisi, Marekani na Ivory Coast pia, na watoto wakawa wanajaribu kuvikamata vile vitu kutoka kwenye karatasi, wanakwangua na kufinya, wakati wale wa miezi 19 wa Marekani walikuwa wananyoosha kidole tu na kutoa sauti. Wako hachoti unga kwenye kitabu akala, ananyoosha kidole anakwambia. Ameshavuka.

Kwahiyo unapokea neno lake alafu unaliongezea. "Ehee, nyeupe kama unga. Ila hii ni baridi. Inaitwa theluji." Inatosha. Kesho akisema tena unga, unasema tena hivohivo, bila kuchoka. Na usianze na "theluji ni mvuke wa maji ulioganda angani", hayo ni ya darasa la tatu. Wewe anza na baridi, maana baridi anaijua mwilini.

Na hapa Moshi tuna historia ya hilo neno. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alivyouona huu mlima wetu wa Kilimanjaro mwezi Mei 1848, mtu aliyekuwa anamwongoza aliuita ule weupe wa juu "baridi", basi. Hakuwa na haja ya neno lingine, aliuita kwa namna unavyohisiwa. Rebmann alivyoandika kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wasomi wa Ulaya akiwemo Desborough Cooley wa Uingereza walibisha kwa miaka, kumbe yule kiongozi wake alishasema yote kwa neno moja. Mtoto wako yupo kwenye njia hiyo hiyo, ameanza na weupe, wewe mpe baridi, theluji itakuja yenyewe.

Alafu kumbuka unaishi wapi dada. Watoto wachache sana Afrika wanaweza kuiona theluji wakiwa wamesimama kwenye mlango wa jikoni kwao, na wako ni mmoja wao! Siku mlima ukiwa wazi mtoe nje saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla mawingu hayajapanda, shika kitabu mkononi, mwonyeshe ukurasa, mwonyeshe kilele cha Kibo, ukurasa, Kibo. Usiseme mengi. Na ile barafu inayoganda kwenye kuta za friza, ikwangue kwa kijiko uweke kwenye bakuli la plastiki, mwache aiguse, aione inavyoisha mkononi na kuwa maji. Hiyo imefanana sana na theluji kuliko zile barafu za kwenye vifuko wanazouza mtaani, kwasababu nayo imetokana na mvuke wa maji uliomo hewani kugandia pale. Ukifanya hivyo mara moja tu utaona siku ya pili anavyousoma ule ukurasa, atautazama kwa vidole.

Nikija kwenye majina, hapa mama mkwe wako ana hoja na nakuomba umwambie nimesema hivyo.

Masika ni mvua. Ni mvua kubwa za Machi mpaka Mei, na mtu wa Moshi akisema masika anasema matope, makoti, barabara za kwenda Uru zinateleza, mahindi yanaota. Vuli ni mvua ndogo za kuanzia Oktoba mpaka Desemba. Kule kwao mdogo wako hakuna hata moja kati ya hizo. Waliotafsiri walitafuta majina manne ya kujaza nafasi nne, wakachukua maneno yetu yenye maana yake kamili wakayabandika kwenye vitu vingine, na sisi tukakariri shuleni. Matokeo yake ukimwonyesha mtoto majani ya njano yanaanguka ukamwambia hii ni vuli, umemwambia kwamba vuli ni majani kufa, wakati dirishani kwenu vuli ikifika ndo kumbikumbi wanatoka na nyasi zinaanza kuchipua. Ni kinyume kabisa.

Nikupe sababu yenyewe kwa ufupi, hii ni yako wewe sio ya mtoto. Dunia imeinama kama nyuzi 23.5, kwahiyo kule mbali na ikweta mwanga unabadilika sana, Berlin mwezi wa sita mchana unazidi saa 16 na Desemba haufiki saa 8. Mti unaona mwanga umepungua na baridi inakuja, unaacha kutunza majani, unayamwaga. Sisi tupo kama nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, mchana mrefu kuliko wote na mfupi kuliko wote haupishani hata nusu saa. Kinachobadilika huku ni mvua, ule ukanda wa mvua unalifuata jua linavyokwenda kusini na kurudi kaskazini, unatupitia mara mbili ndo tunapata masika na vuli. Ukienda Dodoma au Singida wana msimu mmoja tu wa mvua, Novemba mpaka Aprili hivi, mtoto wa huko angehitaji kitabu kingine tena. Na miti yetu inayopukutisha majani, mbuyu kwa mfano, inapukutisha kwasababu ya ukavu. Kule mti unakimbia baridi, huku unakimbia kiu.

Kwahiyo ushauri wangu ni kwamba ukiwa na kile kitabu usitaje jina la majira hata moja. Sema kinachoonekana. Mti umechanua. Mti umejaa majani, angalia kivuli. Majani yamepukutika, mengi, krap krap krap ukikanyaga. Mti umebaki mtupu, theluji, baridi, huyu kavaa koti. Kama kuna maneno yameandikwa chini kwa Kijerumani yaruke, mtoto hatakudai. Neno masika liweke kwa ajili ya siku ambayo mvua inapiga bati mpaka hamsikilizani ndani, hapo ndo umbebe dirishani umwambie "masika hiyo". Litakaa kichwani maisha yake yote. Akifika miaka mitano, sita, ndo mnaweza kuongea kwamba kule kwa mama mdogo wana majira yao na sisi yetu, na hapo yale maneno ya machipuko na kupukutika majani yatamsaidia zaidi kuliko masika na vuli.

Nakazania hili kwasababu nimeona madhara yake. Shule moja niliyofundisha zamani ilikuwa na chati kubwa ukutani, duara la miezi 12 limegawanywa vipande vinne, na Desemba kulikuwa na mtu wa theluji amevaa skafu nyekundu. Siku moja mwishoni mwa Novemba, joto lile la kabla ya kufunga shule, madirisha yote wazi, nikawauliza watoto wa miaka mitano Desemba kukoje, wakajibu kwa pamoja "baridi!" na huku wengine jasho linawatoka puani. Walikuwa wanasoma ukuta. Iliniuma sana, maana watoto wale walikuwa na macho na ngozi zao na tulishawafundisha wasiviamini. Niliomba chati itolewe nikaambiwa imenunuliwa kwa hela ya wazazi, ikabaki. Theluji haikuwa na shida pale, shida ni kuifunga theluji ya watu na mwezi wa kwetu. Kitabu chako hakijafanya hivyo, kina mti na nyumba tu, kwahiyo wewe usikiongezee kosa ambalo hakina.

Sasa kitu ambacho ningefanya kama ni mimi, na walimu wangu wote nawafanyisha, ni kutengeneza kitabu cha pili kinachofanana na hicho, cha kwenu. Mwandishi wa hicho kitabu alifanya jambo moja la busara sana, alisimama sehemu moja hakusogea. Nawe fanya hivyo. Chagua sehemu moja nje, weka jiwe pale unaposimama, kila mwezi piga picha kwa simu ukiwa kwenye jiwe hilo hilo na mtoto amesimama sehemu ile ile. Usichague mwembe wala mparachichi kwasababu mwaka mzima ni kijani, wala migomba, utapata picha 12 zinazofanana na mtoto hataona kitu. Jacaranda ni nzuri mno, unakauka majani alafu kuanzia kama Septemba unavaa zambarau nzima na chini panakuwa zulia. Mkrismasi nao unawaka mwekundu kuelekea mwisho wa mwaka. Ila kama kuna shamba la mahindi unaloliona kutoka kwenu, hilo ndo bora kuliko vyote, kwasababu linakwenda haraka kwa macho ya mtoto, Februari udongo mtupu na vumbi, Machi watu wanapanda mvua ikianza, Aprili yanamfika magotini alafu yanampita kichwa, Juni yanaanza kukauka na yeye kavaa sweta maana mlima umejifunika wiki nzima na manyunyu, Julai Agosti wanavuna, alafu yanabaki mabua na ng'ombe.

Mkienda kwa bibi Kibosho piga na kule. Kila mkipanda mita 1000 joto linashuka kama nyuzi 6, kwahiyo kwa nauli ya daladala mtoto anahama kutoka joto kwenda baridi siku hiyo hiyo, wazungu wanasubiri miezi kupata hilo. Na kama bibi bado ana kahawa kwenye kihamba chake, lile shamba la kuzunguka nyumba, mwombe akuambie inapochanua. Mvua ikipiga baada ya ukavu mrefu, siku kama kumi baadae kahawa inafunguka yote kwa pamoja, nyeupe, harufu inafika mpaka njiani, na inakaa siku chache tu imeisha. Hiyo ndo picha ya kuweka mkabala na ule ukurasa wa theluji. Mama mkwe atakuwa amechangia ukurasa wake, na mi naamini ataanza kukisoma kitabu cha kwanza pia. Akimsimulia kwa Kichagga mwache, picha haina lugha.

Kutengeneza ni rahisi, print picha nne tu, usiweke zote 12 kwa mtoto wa umri huu, nne zinazotofautiana sana. Steshenari wanakufanyia laminesheni, gundisha kwenye manila mbili mbili ziwe ngumu, toboa, funga kwa uzi wa sufu au waweke spairo. Kata kona ziwe za mviringo zisimchome. Na yeye awepo kwenye kila picha.

Kuhusu namna ya kusoma nitasema kidogo kwasababu unaonekana tayari unafanya vizuri. Usimsomee kama taarifa ya habari. Uliza, nyamaza, subiri, ongezea. Mwaka 1988 Grover Whitehurst na wenzake kule Marekani waliwafundisha wazazi wa watoto wa umri wa wako kufanya hivyo tu kwa mwezi mmoja, kuuliza "hapa kuna nini" badala ya kusoma moja kwa moja, na kuongezea kwenye jibu la mtoto, na watoto wale wakawapita wenzao kwenye kuongea. Kinachowashinda wazazi wengi ni ile kunyamaza. Mtoto wa miaka miwili anahitaji muda kutafuta neno, hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujamjibia. Na akitaka kurudia ukurasa mmoja mara nane, rudia mara nane. Akiruka kutoka maua kwenda theluji moja kwa moja mwache aruke, mpangilio wa mwaka sio wake bado. Siku atakapogundua mwenyewe kwamba baada ya theluji maua yanarudi, utamwona, atakifunga kitabu na kukifungua tena mwanzo haraka haraka kuhakikisha. Hapo usiseme kitu, mtazame tu.

Mwisho ule mshono unaoachia. Usitumie selotepu, inakuwa ya njano, pembe zinanyanyuka na watoto wanazibandua wanakula. Nenda duka la dawa nunua ile plasta ya kitambaa ya kwenye roli, nyeupe, kata kipande cha urefu wa ukurasa, uweke katikati kwenye mkunjo kitabu kikiwa wazi kabisa juu ya meza, alafu bonyeza kwa mgongo wa kijiko. Wewe shika kurasa zisisogee, kubandika mwachie yeye. Kwa kuwa ni ukurasa wa theluji, plasta haitaonekana.